KUCHAGUA KOMPRESA YA UPEPO KWA KARAKANA YA NYUMBANI

Kisaki iko kusini mwa Milima ya Uluguru, katika ukanda ambako barabara itokayo Morogoro kupitia Matombo na Mvuha huifikia Reli ya TAZARA. Mazao ya wakulima wa huko, kama vile mpunga, mahindi na ufuta, husafirishwa kutoka mashambani kwa baiskeli, pikipiki na matrekta ya mkono. Tairi likipata pancha katika msimu wa mavuno, gunia hulala njiani. Si ajabu basi kwamba mwanachama mwenye ujuzi wa ufundi hufungua karakana ndogo nyumbani kwake, na chombo cha kwanza anachokiombea mkopo ni kompresa, yaani mashine ya kujaza upepo.

Ombi la namna hiyo lifikapo mezani kwa katibu, aghalabu huambatana na ankara kifani inayotaja mambo mawili tu: nguvu za farasi na ukubwa wa mtungi. Mambo hayo mawili hayatoshi. Mwanachama aweza kununua mashine yenye mtungi mkubwa na bado akashindwa kupiga rangi mlango mmoja wa gari. Aweza pia kununua mtungi uliooza kwa ndani, ukaja kumpasukia yeye na watoto wake uani. Yafaa kwa hiyo katibu na mwanachama wajue mashine hii hufanyaje kazi kabla fedha hazijatoka.

Mtungi ni ghala, si shamba

Pampu ya kompresa huvuta hewa ya kawaida, huishindilia, na kuisukuma ndani ya mtungi. Mtungi wenyewe hauzalishi chochote. Kama vile ghala la chama lisivyoweza kuzaa ufuta hata likiwa kubwa namna gani, mtungi huhifadhi tu kile ambacho pampu imekwisha kukileta.

Vipimo vya kuangaliwa ni vitatu. Cha kwanza ni shinikizo, ambalo hupimwa kwa bari. Bari moja ni karibu ratili 14.5 kwa inchi ya mraba, zile zinazoandikwa psi kwenye uso wa geji. Cha pili ni wingi wa hewa itolewayo, yaani lita kwa dakika. Cha tatu ni ujazo wa mtungi. Kati ya hivyo vitatu, kinachoamua kazi ni cha pili, nacho ndicho kinachosahauliwa mara nyingi.

Kazi itangulie, mashine ifuate

Mwanachama aulizwe kwanza atafanya kazi gani. Tairi la pikipiki lina ujazo wa lita zipatazo 6, na kwa shinikizo la bari 2 na kidogo humeza takriban lita 15 za hewa ya kawaida. Mtungi wa lita 50 ukishuka kutoka bari 8 hadi 4 hutoa lita 200. Hizo zatosha matairi 13 hivi, hata mashine ikiwa imezimwa. Kwa fundi wa pancha za pikipiki, baiskeli na matrekta ya mkono, mashine ndogo inatosha kabisa. Anayeziba pancha za baiskeli peke yake hahitaji mkopo hata kidogo. Pampu nzuri ya mguu itamfaa.

Lori ni jambo jingine. Tairi lenye ujazo wa lita 120, likijazwa hadi bari 7, huhitaji lita 840. Pampu itoayo lita 120 kwa dakika itachukua si chini ya dakika 7 kwa tairi moja, tena ni lazima mashine yenyewe iweze kupita bari 7.

Kupiga rangi ndiko kunakowaangusha wengi. Bunduki ya kupulizia rangi ya kawaida huweza kutumia lita 250 kwa dakika bila kupumzika. Pampu ikitoa lita 120, pengo ni lita 130 kila dakika. Akiba ya lita 200 iliyotajwa hapo juu itakwisha kwa dakika moja na nusu, kisha rangi itaanza kutoka kwa matone na kazi kuharibika. Mtungi mkubwa zaidi ungechelewesha aibu hiyo bila kuiondoa. Dawa yake ni pampu yenye kutoa hewa zaidi ya ile inayotumika.

Jaribio la dukani

Tarakimu iliyobandikwa kwenye mashine mara nyingi huonyesha hewa ambayo pampu inaivuta. Itokayo huwa pungufu, pengine kwa theluthi moja au zaidi. Kwa bahati njema, ukweli waweza kupimwa dukani kwa saa ya mkono.

Mashine iwashwe. Geji ikifika bari 6, muda uanze kuhesabiwa. Ikifika bari 8, hesabu isimamishwe. Ujazo wa mtungi uzidishwe kwa tofauti ya bari, kisha jibu ligawanywe kwa muda. Kwa mfano, mtungi wa lita 50 ukipanda bari 2 kwa sekunde 50, hewa iliyoingia ni lita 100. Hizo ni lita 2 kwa sekunde, yaani lita 120 kwa dakika. Muuzaji anayekataa jaribio hili amekwisha kujibu swali.

Umeme au petroli

Mota ya nguvu za farasi 2 hutumia kilowati 1.5 hivi. Wakati wa kuanza, huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya ule wa kuendeshea. Waya mwembamba na mrefu uliovutwa kutoka nyumbani hadi kibandani hupunguza volti. Mota hunguruma bila kuzunguka, na hatimaye huungua. Ni afadhali mashine ikae karibu na umeme, na mpira wa upepo ndio uwe mrefu.

Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115 limejengwa katika Mto Rufiji, katika ukanda huo huo wa nchi, lakini nyumba isiyofikiwa na nguzo haina budi kutafuta njia nyingine. Kununua jenereta ili liendeshe mota ya kompresa ni gharama maradufu, kwani jenereta hulazimika kuwa kubwa mno kwa sababu ya ule mvuto wa kuanzia. Iliyo bora ni kompresa inayoendeshwa na injini ya petroli moja kwa moja kwa mkanda. Mafuta yake yaingizwe katika hesabu tangu siku ya kwanza, na injini isiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa, maana moshi wake huua.

Aina ya pampu

Mashine nyepesi ambazo mota na pampu zimeungana huzunguka kwa kasi ya karibu mara 2,800 kwa dakika. Ni rahisi kubebwa, lakini hupata joto upesi na zinahitaji kupumzishwa. Zisizotumia oili zina kelele zaidi, na kwa kawaida maisha yake ni mafupi. Pampu ya chuma cha kalibu yenye oili na mkanda huzunguka polepole, hupoa vizuri na huweza kutengenezwa. Kwa karakana ya kudumu, hiyo ndiyo ya kuchaguliwa, mradi pete, vali na mikanda yake ipatikane Morogoro mjini au Dar es Salaam.

Mtungi ni roho za watu

Hewa ina maji ndani yake. Katika joto la nyuzi 30, mita moja ya ujazo ya hewa iliyojaa unyevu hubeba karibu gramu 30 za maji. Hewa ishindiliwapo na kupoa, maji hayo hutuama chini ya mtungi na kuula kwa kutu kutoka ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Rangi mpya ya nje si ushahidi wa uzima.

Kwa hiyo bomba la chini lifunguliwe kila jioni ili maji yatoke. Vali ya usalama ivutwe mara kwa mara kuhakikisha kwamba haikuganda, na isizibwe wala kukazwa kwa sababu yoyote. Mtungi uliotoboka usichomelewe; uondolewe kazini. Mtungi wa gesi ya kupikia ulioungwa na pampu ya jokofu kuukuu usikubaliwe kuwa kompresa, hata ukiwa wa bei ndogo.

Mtungi uliokwisha kutumika usinunuliwe kabla ya kupimwa na mtaalamu kwa shinikizo la maji. Sababu ya kutumia maji ni kwamba maji hayashindiliki kama hewa; chuma kikishindwa, maji huvuja, lakini hewa hulipuka. Aidha, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inahusu pia karakana ndogo, na Wakala wa OSHA ndio wa kuulizwa kuhusu ukaguzi wa vyombo vya shinikizo. Vile vile upepo usitumiwe kupulizia vumbi mwilini, wala watoto wasiachiwe kuuchezea.

Wajibu wa katibu

Mkopo hulipwa na kazi, haulipwi na mashine. Ichukuliwe kwa mfano kwamba mwanachama amekopa shilingi 600,000 kwa miezi 12. Marejesho ni shilingi 50,000 kila mwezi kabla ya riba. Kama kila tairi linamwachia shilingi 500 baada ya mafuta, hana budi kuhudumia matairi 100 kwa mwezi, yaani karibu 4 kila siku ya kazi, ndipo amalize deni tu. Wapita njia wahesabiwe kwanza, na msimu wa mvua ukumbukwe.

Chama chenyewe kikitaka kununua mashine ya pamoja kwa mkopo, suala hilo lazima liwe ndani ya ukomo wa madeni ulioidhinishwa na mkutano mkuu, kwa mujibu wa Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013.

Kabla ya ombi kupelekwa kwenye kikao, jalada liwe na majibu ya maswali haya:

1. Ni kazi gani itafanywa, na inahitaji lita ngapi kwa dakika?
2. Jaribio la muda lilionyesha lita ngapi?
3. Ni umeme au petroli, na kwa gharama gani kila mwezi?
4. Mtungi ni mpya? Kama si mpya, nani ameupima?
5. Vipuri vyapatikana wapi, na dhamana ni ya muda gani?
6. Zimeletwa ankara kifani tatu za kulinganishwa?

Jalada lisilo na majibu hayo lirudishwe kwa mwombaji kwa upole, na asaidiwe kuyatafuta. Kuchelewa wiki mbili si hasara. Fedha zinazokopeshwa ni jasho la wakulima wenzake, na mashine isiyofaa huwaumiza wote, aliyeinunua na waliomdhamini.