UKIBADILI INJINI, UMEBADILI GARI ZIMA

Siku moja darasani Sangabuye, hapa Ilemela, mzee mmoja alisimama akauliza:

"Mwalimu, sisi tuko sita. Tuna Land Rover 109 ya zamani. Inabeba dagaa kutoka Kayenze mpaka Mwaloni Kirumba. Injini imechoka. Fundi anasema tuitoe, tuweke injini ya tabo pamoja na giaboksi yake ya gia tano. Fedha ya injini tumekwisha kuchanga. Je, tununue?"

Swali hilo ni zuri. Fedha ya watu sita siyo ya kuchezea. Tena juu ya dagaa hao hukaa watu. Basi, hebu tulitazame jambo hili polepole.

Tabo ni nini?

Injini ya dizeli huvuta hewa na kuibana mpaka inakuwa moto sana. Kisha dizeli hunyunyizwa ndani, nayo huwaka. Hewa ikiwa nyingi, dizeli nyingi zaidi huweza kuungua. Hapo nguvu huongezeka.

Je, umemwona mhunzi akivukuta moto wake? Tabo hufanya kazi kama mivukuto ile. Ina magurudumu mawili madogo yaliyoungwa pamoja. Moshi unaotoka katika injini huzungusha gurudumu la kwanza. Hilo huzungusha la pili, na la pili husukuma hewa ndani ya injini. Magurudumu hayo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja. Mtu wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hati ya uvumbuzi wa njia hiyo mwaka 1905.

Nguvu ni karibu mara mbili

Nguvu ya injini hupimwa kwa kipimo kiitwacho nguvu za farasi. Land Rover za Series III zilitengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985. Injini yao ya dizeli ilikuwa na nguvu za farasi 60 na kidogo. Injini ya tabo iitwayo 300Tdi, iliyotoka mwaka 1994, ina nguvu za farasi 111. Hiyo ni karibu mara mbili.

Wengi hufurahi hapo. Lakini jiulize: nguvu hiyo inapita wapi?

Inatoka katika injini, inapita kwenye klachi, giaboksi, propela, difu na ekseli, mpaka kwenye magurudumu. Ni kama kamba yenye mafundo. Ukiivuta kwa nguvu, hukatikia penye udhaifu. Ukiweka injini ya tabo juu ya giaboksi kuukuu ya gia nne, giaboksi hiyo huweza kuvunjika mapema. Ndiyo maana fundi alitaka giaboksi ije na injini yake. Tena gia ya tano husaidia katika lami. Gari hukimbia vizuri, na injini huzunguka polepole.

Lakini giaboksi hiyo haina urefu sawa na ile ya zamani. Kwa hiyo propela za mbele na nyuma lazima zipimwe upya, zikatwe au zirefushwe, kisha zisawazishwe. Mahali pa kufungia injini na giaboksi kwenye chasisi pia pabadilishwe. Rejeta iwe ya kutosha. Bomba la moshi litengenezwe jingine. Kazi zote hizo ni fedha.

Breki kwanza

Land Rover 109 ina breki za dramu katika magurudumu yote. Breki hizo ziliwekwa kwa gari la mwendo wa pole. Ukiongeza mwendo na mzigo bila kushughulikia breki, unatafuta msiba. Wahenga walisema, mbio za sakafuni huishia ukingoni. Fundi akague breki zote na kuziimarisha kabla gari halijabeba hata abiria mmoja.

Tabo inataka utunzaji

1. Badili oili kwa wakati. Oili ya injini ndiyo inayolainisha tabo.
2. Ukitoka katika mlima au mwendo mkali, usizime injini mara moja. Iache iungurume dakika moja au mbili, tabo ipoe.
3. Angalia chujio la hewa na mipira yake. Vumbi likipita hapo, linakula tabo.

Tabo ikiharibika, oili huweza kuvuja na kuingia katika injini. Injini huweza kuanza kuwaka kwa oili yake yenyewe. Itanguruma kwa kasi sana, na ukizima kwa ufunguo haizimi. Gari likiwa limesimama, kanyaga breki kwa nguvu zako zote, ingiza gia ya juu, kisha achia klachi mara moja. Injini itakabwa na kuzimika. Hiyo ni faida mojawapo ya gia za mkono. Lakini kama injini imeanza kuvunjika, toka ukae mbali.

Soma namba

Ndugu msomaji, hapa ndipo kisomo chako kinapolipa. Kila injini ina namba yake. Kadi ya gari nayo ina namba ya injini. Ukibadili injini, namba hizo hazitalingana tena. Trafiki akikagua, utaonekana kama mwizi. Na ajali ikitokea, bima inaweza kuleta ubishi.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha, omba risiti na hati za injini hiyo. Soma namba iliyo kwenye karatasi. Kisha soma namba iliyochongwa kwenye chuma. Zilinganishe tarakimu moja moja. Kama chuma kimekwaruzwa mahali pa namba, usinunue. Ukinunua, nenda TRA uombe kadi irekebishwe.

Mzee yule alisikiliza yote, akasema, "Kumbe sisi tulichanga fedha ya injini tu." Jioni ile wenzake walikaa na daftari. Waliandika: injini, giaboksi, propela, rejeta, bomba la moshi, breki, kadi. Mbele ya kila neno waliacha nafasi ya bei. Kisha walikubaliana kuwa hawatanunua injini mpaka kila nafasi ijazwe.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini giaboksi ya zamani huweza kuvunjika ukiweka injini ya tabo?
2. Je, katika kijiji chenu gari lipi limeongezwa nguvu bila kuimarishwa breki?
3. Utalinganishaje namba ya injini na ile ya kwenye hati?