Hedhi ya Panya wa Jangwani

Neno "hedhi" limezoeleka kutumiwa kwa mwanamke. Mnyama jike husemwa yumo katika joto. Desturi hiyo ililingana na elimu ya wanyama, iliyoshikilia kwamba hakuna panya apataye hedhi. Mwaka 2017 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, walieleza kwamba panya wa miiba, ambaye asili yake ni nchi kavu za Misri na jirani zake, hupata hedhi kila baada ya siku 9 hivi.

Chanzo chake ni ovari. Yai likisha kutoka, mahali lilipokuwa hugeuka tezi itoayo homoni ya projesteroni, nayo hunenepesha utando wa mji wa mimba. Mimba isipotunga, homoni hupungua, na utando hubomoka na kutoka pamoja na damu. Kwa panya wa kawaida wa maabara asiyepandwa, tezi hiyo hunyauka upesi, utando usiwahi kukomaa.

Basi "joto" haliwezi kushika mahali pa "hedhi": joto huja karibu na kutoka kwa yai, hedhi huja mimba isipotunga. Yafaa kamusi ifafanue hedhi kwa kazi ya mwili, si kwa aina ya mwenye mwili.