Namba ya toleo kwenye chupa ya dawa ya mtoto ina kazi gani?

Mama au mlezi, unapopewa dawa ya maji ya mtoto huwa unaangalia jina lake na tarehe ya kuisha muda. Karibu na tarehe hiyo kuna namba nyingine ambayo wengi hawaiangalii: namba ya toleo. Kupitia namba hiyo, dawa uliyoshika inaweza kufuatiliwa hadi kiwandani, kwa meneja wa uhakiki wa ubora.

Meneja huyu anafanya nini?

Hapa Kanazi kahawa tunaijua. Ukipeleka chama cha msingi kahawa isiyokauka, inakataliwa, hata kama umeibeba kutoka mbali. Meneja wa ubora ana mamlaka kama hayo kiwandani. Wanaotengeneza na wanaouza dawa hawatakiwi kumlazimisha aipitishe.

Dawa hutengenezwa kwa mafungu, na kila fungu huitwa toleo. Kabla toleo halijatoka, meneja huhakikisha kwamba malighafi zimepimwa, kila hatua imeandikwa, na majibu ya maabara ni mazuri. Pakiwa na shaka, toleo linabaki ghalani. Sampuli zake huhifadhiwa ili zipimwe tena yakija malalamiko.

Kazi hii ikizembewa inakuwaje?

Oktoba 2022, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa tahadhari kuhusu dawa nne za maji za watoto zilizotengenezwa India na kukutwa Gambia. Zilikuwa na kemikali za sumu ambazo hazitakiwi kuwa kwenye dawa. Zaidi ya watoto 60 walifariki baada ya figo zao kuharibika. Sumu hiyo huweza kuingia kupitia vimiminika vinavyotumika kutengenezea dawa, visipopimwa. Mama hawezi kuitambua kwa ladha wala harufu.

Aprili 2024, Nigeria ilitangaza kwamba imekuta sumu ya aina hiyo kwenye toleo moja la dawa ya kikohozi ya watoto. Nchi nyingine za Afrika, Tanzania ikiwemo, ziliondoa dawa hiyo sokoni kwa tahadhari. Hapa kwetu kazi hiyo husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Tangazo la namna hiyo hutaja namba ya toleo. Kama chupa uliitupa au dawa uliihamishia kwenye chupa ya soda, utajuaje kama ni yako?

Wewe ufanye nini?

- Nunua dawa kwenye famasi au duka la dawa muhimu lenye kibali. Usinunue gulioni, ambako chupa zimeshinda juani.
- Acha dawa kwenye chupa yake, na tunza boksi mpaka mtoto apone.
- Ukipewa vidonge kwenye bahasha, omba waandike jina la dawa, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda.
- Vidonge vya kuyeyusha, kama amoksilini ya watoto, usivitoe kwenye pakiti kabla ya muda wa kumpa. Unyevu huviharibu, na huku kwetu mvua ni nyingi.
- Dawa iliyobadilika rangi au harufu, au iliyofunguliwa kabla hujaipokea, usimpe mtoto. Irudishe.

Wahi kituo cha afya

Mtoto aliyetumia dawa akianza kutapika, kuumwa tumbo, kulegea, au kukojoa kidogo kuliko kawaida, acha kumpa dawa hiyo na umpeleke kituoni mara moja. Asipokojoa kabisa, hiyo ni dharura, hata kama ni usiku. Nenda na chupa. Usiogope kwamba muuguzi atakugombeza kwa kununua dawa dukani. Tunaihitaji chupa hiyo ili tumtibu mwanao, na namba yake itatusaidia kutoa taarifa TMDA, ili toleo hilo lichunguzwe kabla halijamfikia mtoto wa jirani.