Je, Wajua Redio ya Mzimamoto Hupimwaje Ndani ya Ghorofa?

Upimaji wa mawasiliano ya dharura ndani ya majengo ni kazi ya kupita ghorofa kwa ghorofa, kuanzia maegesho ya chini ya ardhi hadi paani, ili kujua redio ya mkononi ya mzimamoto, askari polisi au mhudumu wa ambulensi itasikika wapi na itakuwa bubu wapi. Simu za wapangaji hazihusiki. Simu inaweza kuonyesha mtandao kamili kwenye besmenti ya jengo la Westlands kwa sababu kampuni ya simu imeweka antena zake humo, huku redio ya zimamoto, inayotegemea masafa mengine na mnara ulio mbali, ikitoa mkwaruzo tu.

Kizuizi kinachojulikana zaidi ni zege lenye nondo, hasa chini ya ardhi. Kisichojulikana sana ni kioo. Jengo la zamani la katikati ya jiji la Nairobi, lenye kuta za mawe na madirisha ya kioo cha kawaida, mara nyingi hupitisha mawimbi zaidi kuliko jengo refu jipya la Upper Hill. Kioo cha kisasa hupakwa utando mwembamba sana wa metali ili kukinga joto la jua, na utando huo hauchagui: hukinga joto na mawimbi ya redio pamoja. Unaweza kuyapunguza kwa desibeli 20 hadi 30, yaani nguvu inayobaki ikawa sehemu moja ya mia, au hata ya elfu. Jengo linalosifiwa kwa kubana matumizi ya umeme ndilo hilo hilo linaloweza kumtenga mwokoaji na wenzake.

Kibaya zaidi ni ngazi za dharura. Hujengwa katikati ya kuta nene za zege ili moto na moshi visiingie, na ndizo njia ya wazimamoto, kwa kuwa ngazi ya gari lao haiwezi kufikia kilele cha Britam Tower yenye mita 200, wala ghorofa za juu za KICC iliyofunguliwa mwaka 1973. Mahali panapotegemewa zaidi ndipo redio inapokuwa dhaifu zaidi.

Kanuni za Marekani, ambazo wahandisi wa nchi nyingi huziazima, hugawanya kila ghorofa katika maeneo 20 yanayokaribia kulingana. Mpimaji husimama katikati ya kila eneo na kusoma nguvu ya mawimbi. Akishachagua mahali pa kusimama haruhusiwi kusogea pembeni kutafuta penye nafuu, na sharti hilo ndilo linaloipa kazi yote uaminifu wake, maana redio iliyokufa mara nyingi hufufuka mtu akisogea nusu hatua. Maeneo 19 kati ya 20 yakifaulu, ghorofa imefaulu. Yakishindwa mawili, inaweza kugawanywa upya katika maeneo 40 na kupimwa tena.

Kiwango cha chini kinachotumika sana ni desibeli 95 chini ya milivati moja. Hiyo ni takriban theluthi ya sehemu moja ya trilioni ya wati, na bado redio nzuri hupata sauti humo. Lakini namba peke yake haitoshi. Watu wawili huzungumza, mmoja akiwa ndani na mwingine nje, na sauti hupewa alama; inayokubalika ni ile inayoeleweka kwa juhudi kidogo, hata kama mara mojamoja msemaji ataombwa kurudia.

Mazungumzo hayo hupimwa pande zote mbili, kwa sababu mnara una nguvu na antena ndefu, ilhali redio ya mkononi hutoa wati chache tu, tena ikiwa imening'inia kiunoni mwa mtu ambaye mwili wake hunyonya sehemu ya mawimbi. Matokeo yake ni kwamba aliye ndani anaweza kusikia kila amri na yeye mwenyewe asisikike kabisa.

Jengo likishindwa, hufungwa kikuza mawimbi. Antena ya paani hupokea mawimbi ya mnara, na nyaya huyasambaza kwenye antena ndogo za kila ghorofa. Antena ya paani ikisikia zile za ndani, mfumo hujizungusha na kupiga kelele kama kipaza sauti cha mkutano kilichowekwa mbele ya spika yake, na kelele hiyo inaweza kuvuruga mnara unaohudumia mtaa mzima. Ndiyo maana kifaa hicho si cha kununuliwa na kufungwa kiholela. Nchini Kenya masafa na vifaa vya redio husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano. Kikuza mawimbi huhitaji pia betri ya saa 12 au zaidi, kwani moto ukizuka umeme ndio wa kwanza kukatwa.

Hata kifaa kizima hakisaidii kisipowashwa. Mnara wa kaskazini wa World Trade Center, New York, ulihudumiwa na kikuza mawimbi kilichofungwa baada ya shambulio la bomu la 1993. Tarehe 11 Septemba 2001, mnara huo uliposhambuliwa, kitufe kimoja hakikubonyezwa, makamanda wakadhani mtambo umeharibika, wakauacha.

Nairobi ina somo la namna nyingine. Katika shambulio la jengo la maduka la Westgate, Westlands, lililoanza tarehe 21 Septemba 2013 na kuua watu 67, iliripotiwa kwamba polisi na jeshi hawakuwa na njia moja ya kuzungumza, na kamanda wa Recce, kikosi maalumu cha polisi, aliuawa kwa risasi za upande wa serikali. Tatizo hilo halionekani kwenye kipimo cha desibeli: mawimbi yanaweza kujaa kila chumba huku vikosi viwili vikiwa kwenye masafa tofauti. Mwaka 2014 serikali ilitia saini mkataba na Safaricom wa kujenga mfumo wa mawasiliano na kamera za usalama kwa polisi wa Nairobi na Mombasa. Hoteli ya DusitD2, Riverside Drive, iliposhambuliwa tarehe 15 Januari 2019, watu 21 waliuawa, lakini uratibu wa vikosi ulisifiwa kuliko ule wa Westgate.

Wazimamoto wa Kaunti ya Nairobi, wenye kituo Tom Mboya Street na kingine Waithaka upande wa magharibi, huingia majengo hayo hayo. Upimaji mmoja wakati wa kukabidhi jengo hauwatoshi, na kanuni za Marekani hutaka urudiwe kila mwaka. Mpangaji mpya huweka kuta za ndani na makabati ya chuma. Na katika mitaa inayopanda juu kwa kasi kama Kilimani na Westlands, jengo refu linalojengwa kiwanja cha jirani linaweza kusimama katikati ya antena ya paani na mnara wa redio, na jengo lililofaulu mwaka jana likashindwa bila hata msumari mmoja kupigiliwa ndani yake.