Ufa Unaozaliwa na Desimali

Fundi mwashi anayeanza msingi wa nyumba huko Mkula, Mkoa wa Simiyu, aweza kuhakikisha kona yake kwa njia ya zamani. Hupima mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, kisha huvuta uzi kati ya ncha hizo. Uzi ukiwa mita 5 sawasawa, kona ni pembe mraba. Kanuni ya Pythagoras haimdai desimali hata moja hapo, kwa kuwa 9 na 16 ni 25 kamili. Lakini akikata kona ya mraba wa mita 1 kwa 1, urefu wa mstari huo ni kipeuo cha pili cha 2, yaani 1.41421356 na kuendelea bila kikomo. Lazima aache tarakimu mahali fulani. Huko ndiko kukadiria.

Katika nyumba, plasta hufunika tofauti ya milimita moja. Katika kompyuta hakuna plasta.

Jambo hili hudhihirika katika programu za kuchora vielelezo vya matofali ya plastiki ya kuchezea, kama yale ya LEGO yanayotoka Denmark. Mfumo mmoja wa aina hiyo, LDraw, ulibuniwa na James Jessiman wa Australia mwaka 1995. Kipimo kimoja cha mfumo huo ni milimita 0.4, na umbali kati ya vichomozo viwili vilivyo juu ya tofali ni vipimo 20, yaani milimita 8. Maadamu matofali yamepangwa katika mistari ya mraba, namba zote ni kamili na kuta hushikamana. Ukuta ukizungushwa digrii 45, kompyuta huzidisha vipimo kwa 0.70710678..., nayo faili huhifadhi tarakimu chache tu.

Tuseme imehifadhiwa 0.707. Ukuta wa vipimo 1,000, yaani sentimita 40, hupungua kwa milimita 0.06, ambazo ni kama unene wa unywele. Picha ikikuzwa, ufa huonekana pale kuta mbili zilipotarajiwa kukutana.

Hatari kubwa zaidi ni mrundikano. Nukta iliyo umbali wa vipimo 1,000 kutoka katikati, ikizungushwa digrii 45 mara nane, hukamilisha duara na yapasa kurudi ilipoanzia. Kila hatua ikitumia 0.707 na kuanzia kwenye jibu la hatua iliyotangulia, nukta hurudi ikiwa umbali wa vipimo 998.8. Pengo ni karibu milimita 0.5, mara nane ya lile la kwanza. Kwa 0.71, umbali hufika 1,033, kwa 0.707107, kosa ni vipimo 0.0025 tu.

Nusu ya milimita katika mchezo wa mtoto si kitu. Lakini hesabu haijui kama inapima tofali au shamba: sentimita 40 zikiwa mita 400, pengo lile lile huwa karibu nusu ya mita.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inamwezesha mwanakijiji kupata hati ya hakimiliki ya kimila, na ramani za mashamba sasa huchorwa kwa kompyuta. Digrii moja ya latitudo ni kilomita 111 hivi. Kona ikiandikwa kwa nafasi nne za desimali za digrii, yaweza kusogea hadi mita 5 na nusu kuelekea kaskazini au kusini. Wafikiriwe wakulima wawili wa pamba, kona ya shamba la mmoja ikiwa katikati ya mpaka wa jirani yake. Kukadiria huitoa kona hiyo nje ya mstari. Ramani huonyesha ama kipande kisicho na mwenyewe, ama kipande chenye wenyewe wawili. Hakuna aliyesogeza jiwe la mpaka, lakini ugomvi umekwisha pandwa.

Kinga ni tatu. Kwanza, tarakimu zote zihifadhiwe hadi mwisho wa hesabu, na kukadiria kufanyike mara moja tu. Pili, kila hatua ihesabiwe kutoka kwenye asili, si kutoka kwenye jibu lililokwisha kadiriwa. Tatu, kona inayogusa mashamba mawili iandikwe mara moja, na ramani zote mbili ziitumie hiyo hiyo, hata pale inapoangukia katikati ya mpaka.

Wanafunzi waweza kuthibitisha hayo kwa kikokotoo. Waanze na x = 1,000 na y = 0. Katika kila hatua, x mpya ni 0.707 × (x − y), na y mpya ni 0.707 × (x + y). Baada ya hatua nane walinganishe x na 1,000. Kisha wazungushe nukta ile ile ya mwanzo mara moja kwa pembe ya fundi mwashi, ambayo namba zake ni 0.8 na 0.6. Watapata x = 800 na y = 600; na umbali kutoka katikati, wakiutafuta kwa Pythagoras, utakuwa 1,000 kamili.