Kuanguka kwa Wagonjwa Wadini na Nafasi ya Jamaa Aliye Kando ya Kitanda

Miongoni mwa madhara yanayoweza kumpata mgonjwa hospitalini bila ya kutokana na ugonjwa uliompeleka huko, kuanguka ndiko kunakotokea mara nyingi zaidi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika kila siku 1,000 za kulazwa, yaani mfano wa wagonjwa 100 wakilala siku 10, wagonjwa huanguka mara 3 hadi 5, na zaidi ya thuluthi moja ya maanguko hayo huacha jeraha. Ukihesabu na maanguko ya nyumbani, kazini na kwingineko, shirika hilo linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka ulimwenguni kwa sababu ya kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ambamo Kenya imo. Hata hivyo, vifaa vingi vya kuzuia maanguko vilibuniwa kwa ajili ya hospitali zenye kengele kwenye kila kitanda, choo kando ya kila chumba na wauguzi wa kutosha, na kwa hiyo mtu wa Kilifi, Malindi, Mariakani au Magarini ana haki ya kuuliza ni kipi kati ya vifaa hivyo kinachomfaa mgonjwa wake.

Jibu linaanza kwa kufahamu ni kwa nini mtu aliyekuwa akitembea vizuri nyumbani aanguke akiwa mikononi mwa matabibu. Mwili uliolala siku kadhaa hupoteza nguvu za misuli upesi, na mishipa ya damu huzoea hali ya kulala, hivi kwamba mgonjwa akiinuka ghafla shinikizo la damu hushuka, ubongo hukosa damu ya kutosha kwa muda mfupi, na kizunguzungu humwangusha kabla hajapiga hatua ya pili. Hali hiyo huzidishwa na dawa za presha, dawa za kuongeza mkojo, dawa za usingizi na baadhi ya dawa za kifafa. Huzidishwa pia na upungufu wa maji mwilini baada ya kuhara, na kushuka kwa sukari kunakoandamana na malaria kali au kunakompata mwenye kisukari aliyechoma insulini asile. Mama aliyejifungua akapoteza damu nyingi yumo katika hatari hiyo hiyo, ingawa ni kijana na hakuna amdhaniaye kuwa dhaifu. Kwa wazee kuna jambo jingine, nalo ni kuweweseka, yaani akili kuvurugika kwa ghafla kwa sababu ya homa, maambukizi au dawa, hali ambayo huzidi usiku na humfanya mzee asijue yuko wapi. Inafaa kusisitizwa kuwa kuweweseka ni dalili ya ugonjwa wala si pepo wala uchawi, kwa kuwa katika Kaunti ya Kilifi wazee wamewahi kuuawa kwa tuhuma za uchawi, na mzee anayepayuka usiku anahitaji daktari na mtu wa kumshika mkono.

Mazingira ya pwani yanaongeza hatari zake. Sakafu iliyopigwa deki na kuachwa mbichi, maji yaliyomwagika mgonjwa akitawadha, malapa yaliyolika nyayo, leso au kikoi kinachoburura chini, pindo la chandarua lililolegea kando ya kitanda na mpira wa dripu uliovutwa hadi mwisho wake ni vitu vya kila siku, na kila kimoja chaweza kumkwaza mtu ambaye miguu yake haina nguvu. Hakuna hata kimoja kinachohitaji fedha nyingi kukirekebisha: deki hufuatwa na kitambaa kikavu, leso hufungwa juu ya kifundo cha mguu, na chandarua huchomekwa chini ya godoro.

Lakini safari iliyo ya hatari kuliko zote ni ile ya kwenda msalani. Maanguko mengi hospitalini hutokea mgonjwa anapokwenda haja, anaporudi, au anapojaribu kushuka kitandani kwa ajili hiyo, na hapa sitara ina uzito ambao vitabu vya uuguzi vya kigeni haviugusi vya kutosha. Mzee wa Kigiriama au Mswahili wa Malindi aliyeishi maisha yake yote akiheshimiwa haoni wepesi kumwambia muuguzi wa umri wa mjukuu wake, tena wa kike, kwamba amebanwa na mkojo. Bibi aliyelelewa kwa haya hataki kujisaidia katika chombo huku wadi nzima ikisikia. Basi mgonjwa hungoja mpaka giza liingie na watu walale, kisha huinuka peke yake. Asilaumiwe kwa ukaidi, kwani analinda heshima yake, na wajibu wa hospitali ni kumwezesha kuilinda bila kuvunjika nyonga: kumpa nafasi ya kwenda haja kwa saa zinazojulikana kabla hajabanwa, kumwekea pazia, na kumpatia msaidizi wa jinsia yake.

Na nyonga inayovunjika si jambo dogo. Mifupa ya wazee huwa myepesi, na mfupa wa paja ukivunjika kwenye shingo yake huhitaji upasuaji. Mgonjwa akikosa upasuaji hulala miezi, akapata vidonda vya mgongoni, kuganda kwa damu miguuni na kichomi. Mzee aliyeletwa kutoka Ganze kwa homa ya siku tatu aweza kurudishwa nyumbani akiwa hawezi tena kusimama, na mzigo wake ukawaangukia mabinti na wakaza wana.

Kuna kipimo kinachosaidia kumtambua mapema mgonjwa aliye hatarini. Mtafiti wa uuguzi Janice Morse alichapisha mwaka 1989 orodha ya maswali sita ambayo muuguzi huweza kuyajibu kwa dakika chache: aliyewahi kuanguka karibuni hupewa alama 25, mwenye ugonjwa zaidi ya mmoja 15, aliye na dripu 20, anayetembea kwa kushikilia vitanda na meza 30, na kadhalika kwa mwendo wake na utambuzi wake. Hospitali nyingi huhesabu alama 45 kuwa hatari kubwa, kwa hiyo mzee aliyeanguka shambani mwezi uliopita na sasa amewekewa dripu tayari amefika hapo.

Kutambua hakutoshi. Nchini Australia, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulijaribu katika wadi 24 mpango wa ishara za tahadhari juu ya kitanda, vitanda vya kushushwa chini, kengele na hatua nyingine. Wauguzi walizitumia hatua hizo kweli, ila maanguko hayakupungua. Kinyume chake, utafiti wa mwaka 2015 katika wadi za mazoezi ya viungo huko huko Australia, ambamo mgonjwa mmoja mmoja alielezwa hatari zake na wahudumu wakafundishwa, ulipunguza maanguko kwa kadiri ya asilimia 40. Huko Boston na New York, wadi 14 zilizoandika mpango wa kila mgonjwa pamoja naye na jamaa zake, kisha zikaubandika kando ya kitanda, zilipunguza maanguko kwa asilimia 15 na maanguko yenye majeraha kwa asilimia 34. Kilicholeta nafuu ni mazungumzo yanayomhusu mgonjwa mwenyewe, na hilo ni jambo ambalo hospitali ya Kilifi inaweza kulifanya leo, kwa Kiswahili au kwa Kigiriama na Kichonyi pale inapolazimu.

Mgonjwa aliyevurugika akili hafundishiki, kwa hiyo mazungumzo hayo yapaswa kumfikia jamaa yake, ambaye ndiye amwogeshaye, amlishaye na amgeuzaye. Katika hospitali nyingi za umma za Kenya mama huruhusiwa kulala na mtoto wake, lakini jamaa wa mtu mzima hutakiwa kuondoka saa za kutazama wagonjwa zinapokwisha, na hivyo wadi hubaki na muuguzi mmoja au wawili kwa wagonjwa wengi katika saa ambazo hatari ni kubwa. Kingo za kitanda hazizibi pengo hilo: mtu anayeweweseka huzipanda, akaanguka kutoka juu zaidi. Kumfunga kwa leso ni vibaya zaidi, kwani humtia hofu na kumjeruhi.

Tangu mwaka 2013 hospitali za umma kama za Kilifi na Malindi zimo chini ya serikali za kaunti, na uamuzi wa kumruhusu jamaa mmoja kulala kando ya mgonjwa mwenye hatari kubwa hauhitaji sheria mpya. Unahitaji kiti, maelekezo mafupi na kibali cha msimamizi wa wadi. Wasimamizi wa Kilifi na Malindi wakitoe kibali hicho. Naye jamaa anayempeleka mzee hospitalini asiondoke kabla ya kumweleza muuguzi kama mzee huyo amewahi kuanguka, dawa anazokunywa, na mara ngapi huamka usiku kwenda haja.