Datsun 240Z: Pima magurudumu kabla ya kutoa fedha

WAWEKEZAJI wadogo wanaotupia jicho soko la magari ya zamani ya spoti wanashauriwa wasilipie Datsun 240Z kabla gari halijapandishwa kwenye mashine ya alaimenti. Gharama ya kupima ni ndogo mno ukilinganisha na bei ya gari, na karatasi inayotoka pale husema mambo ambayo rangi mpya imeyafunika.

Gari hili si geni Afrika Mashariki. Lilishinda mashindano ya Safari mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, aliyelingana pointi na Harry Källström wa Datsun 1800 kabla ya kupewa ushindi. Nchini Marekani, soko lake kubwa, bei yake mwaka 1970 ilikuwa dola 3,526. Januari 2020 gari moja la toleo la 1971, ambalo halikutembea sana, liliuzwa mnadani kwa dola 310,000. Bei hiyo ni ya kipekee na msomaji asiifanye kipimo cha soko zima, ingawa wauzaji wengi wanapenda kuitaja hata kwa gari lililooza sakafu.

Katika alaimenti fundi hupima mambo matatu. Too ni jinsi magurudumu mawili yanavyobana ndani au kutanuka nje kwa upande wa mbele. Kemba ni mlalo wa gurudumu ukilitazama gari kutoka mbele. Kasta ni mlalo wa mhimili ambao gurudumu hukatia kona, ukilitazama gari kutoka ubavuni. Huo ndio unaofanya usukani urudi katikati wenyewe baada ya kona.

Jambo la kuzingatia ni kwamba kiwanda kiliacha nafasi ya kurekebisha kimoja tu: too ya mbele, kwa kuzungusha tairodi. Kemba na kasta zinatokana na umbo la bodi na vyuma vyenyewe. Magurudumu ya nyuma nayo hayana marekebisho yoyote. Kwa hiyo kama kemba ya kushoto inapishana na ya kulia kwa digrii nzima, hakuna fundi aliyeiweka hivyo. Kuna kitu kimepinda, kimelika au kimeoza.

Kama ni bushi za mikono ya chini zimekwisha, hilo ni tatizo la fedha kidogo. Shokapu iliyopinda au mkono uliogonga jiwe pia hubadilishwa. Hasara iko pale ambapo vyuma vyote ni vizima na bado vipimo havilingani, maana hapo bodi yenyewe imehama. Gari hili halina chasisi ya kutenganishwa na bodi. Reli za chini ya sakafu na sehemu iliyo chini ya betri hushikwa sana na kutu, na kuzichomelea upya kwa vipimo sahihi ni kazi ya wiki kadhaa.

Mnunuzi awe macho na gari lililofungwa vifaa vya kisasa vya kurekebisha kemba na kasta. Vifaa hivyo ni vizuri, na wanaolipenda gari hili huvitafuta, lakini vinaweza kunyoosha namba za bodi iliyopinda. Ulizia karatasi ya kabla havijafungwa. Isipokuwepo, tazama kama vimewekwa sawasawa pande zote mbili. Upande mmoja ukivutwa hadi mwisho na mwingine ukiachwa katikati, dai punguzo.

Baada ya kununua, kazi yenyewe ina mpangilio wake. Bushi, bolijointi na raba zinazoshika boksi la usukani hutangulia, kwani kupima gari lililolegea ni kutupa fedha. Upepo wa tairi uwe sawa, na uzito wa dereva uwekwe kwenye kiti. Nyuma hupimwa kwanza, kisha kasta, kemba, na too mwisho, kwa sababu ukigusa zile mbili too nayo hubadilika. Tairodi zote mbili zizungushwe kwa kiasi kimoja, la sivyo usukani utakaa upande wakati gari linakwenda moja kwa moja.

Wenye vifaa vya kurekebisha huongeza kasta ili gari litulie kwenye mwendo mkubwa, na kulaza magurudumu ya mbele ndani kidogo kwa juu ili tairi lishike vizuri kwenye kona. Kasta ikizidi usukani unakuwa mzito, na gari hili halina pawa stelingi. Anayeegesha mjini kila siku asiige gari la mashindano.

Too ndiyo inayokula tairi. Chukua rimu ya inchi 14: kila gurudumu likipinda milimita 3 tu kutoka ukingo hadi ukingo, tairi linaburuzwa kando takriban mita 8 katika kila kilomita moja. Tairi likishaliwa upande mmoja haliokolewi na alaimenti mpya. Bushi mpya nazo hukaa sawa baada ya kutembea, hivyo gari lirudishwe kwenye mashine baada ya kilomita mia chache, na karatasi zote mbili zitunzwe pamoja na kadi ya gari kwa ajili ya mnunuzi atakayefuata.